Matoi ya bei ya chini ya Kariakoo: nimeyajaribu mwezi mzima na watoto watatu, haya ndo niliyoyaona

Habari zenu wazazi. Mwezi wa saba kaka yangu alituletea wanawe wawili kutoka Muscat, mmoja miaka 9 mwingine 6, wakae na sisi likizo yote hapa Tabata. Kiswahili wanakielewa chote, ukimwambia kalete maji analeta, ila mdomoni hakitoki, wanakujibu Kiarabu au Kiingereza, na bibi yao ambaye ni mtu wa Tanga hasa alikuwa anaumia kimya kimya maana wajukuu wako mbele yake na hawezi kupiga nao stori. Mwanangu naye yuko darasa la tatu na sayansi inamtesa, anakariri tu. Nikasema hawa watoto siwakalishi chini na daftari, likizo ni likizo, nitafute vitu vya kuchezea ambavyo vitawafanya waongee wenyewe bila kulazimishwa.

Nikaingia Kariakoo asubuhi, nikazunguka Mtaa wa Kongo mpaka Msimbazi, na vitu vyote nilivyonunua siku hiyo viligharimu 23,500. Vingine viwili vitatu nitakavyovitaja nilivipata kwa njia nyingine. Naandika kwa sababu nilipokuwa natafuta nilikosa mtu wa kuniambia kipi ninunue kipi niache, nikala hasara kidogo, na sitaki mwingine aile.

Hasara yenyewe ilikuwa ile tableti ya plastiki inayoongea. Hii niliinunua kabla ya siku hiyo ya Kariakoo, 35,000, kwenye duka ambalo silitaji. Ina vitufe vya picha, ukibonyeza ng'ombe inasema jina la ng'ombe na inalia moo, na boksi limeandikwa kwamba inafundisha lugha na sayansi. Nimewaangalia watoto wakiitumia siku nne mfululizo na nawaambia ukweli, hakuna aliyefungua mdomo. Toi ndo inaongea, mtoto anabonyeza. Nikamuuliza mdogo bila tableti mkononi, yule wa kitufe cha tatu anaitwaje, hajui, anajua tu kitufe kiko wapi. Wiki ya pili ikazima kabisa, nikairudisha, muuzaji akasema vitu vya umeme havina garantii. 35,000 hiyo. Ukipiga hesabu utaona ni karibu mara moja na nusu ya vitu vyote nilivyonunua siku ile ya Kariakoo.

Sasa gololi. Zile za kioo, kumi kwa buku. Wengi wetu tumecheza uani tukachora duara chini tukapiga, lakini sikuwahi kuzichukulia kama kitu cha kufundishia mpaka safari hii. Chukua rula mbili, zibandike sambamba kwenye meza ziache mfereji mwembamba katikati, panga gololi tano ziguse, halafu ya sita ipige kwa kidole ije igonge mstari. Inatoka moja tu upande wa pili, zile za katikati zimetulia kama hazijaguswa! Piga mbili kwa pamoja, zinatoka mbili. Mkubwa akasema ngoja nipige moja kwa nguvu sana zitoke mbili, akapiga, ikatoka moja ila imekimbia mpaka chini ya kabati. Karudia mara kumi hivi. Hapo sikuwa nimesema neno lolote la sayansi, na yeye tayari kashajua kuna kitu kinapita ndani ya zile gololi zilizosimama.

Na hapo ndo lugha ikaingia, na naomba mnielewe hapa maana ndo kiini cha yote ninayoandika. Mdogo alikuwa anasema hii imegonga hii na hii imeenda. Bibi yake aliyekuwa anachambua mchele pembeni akamwambia, mjukuu wangu, zimegongana. Mtoto akarudia, zimegongana. Akanyamaza akipanga nyingine, halafu akauliza, bibi na hii mimi nimefanya nini? Umeigongesha. Na hii ya mwisho? Imegongwa. Gonga, gongwa, gongana, gongesha, zote zimetoka kwenye buku moja la gololi na mtoto anaziona kwa macho. Kuanzia siku hiyo nikawa nanunua toi kwa kuangalia kitenzi. Kabla sijatoa hela najiuliza, hili litafanya nini na watoto watalisemaje? Kama jibu ni litaongea lenyewe, narudisha mezani. Gololi nazipa nyota tano.

Sumaku ndo zilinishangaza zaidi. Nilinunua mbili za mche zenye rangi nyekundu na bluu, 3,000 kwa jozi, kwenye duka la vifaa vya shule, na nyingine moja ya duara nimepewa bure na fundi redio wa mtaani, kaitoa kwenye spika mbovu. Ya fundi ina nguvu kuliko zote, mkitaka sumaku anzieni kwa fundi. Mwanangu kwenye daftari lake la sayansi kaandika sumaku huvuta chuma. Sawa, ni kweli. Ila jaribu hivi, chukua vifuniko viwili vya plastiki vya kopo, kimoja weka sumaku, kingine weka msumari, viweke vyote vielee kwenye beseni la maji mbalimbali kidogo halafu achia. Msumari unakwenda kwa sumaku, kila mtu alitegemea hilo. Lakini na sumaku nayo inakwenda kwa msumari. Watoto wote watatu walipiga kelele. Mwanangu anasema mama sumaku imevutwa! Nani kaivuta? Msumari! Mdogo ndo akamaliza, akasema vinavutana.

Yaani nilikaa chini. Mwanasayansi Isaac Newton aliliandika jambo hilo 1687, kwa Kilatini, kwamba ukisukuma kitu nacho kinakusukuma kwa nguvu ileile upande wa pili, na ni sehemu ambayo wanafunzi wa sekondari wanaisoma bila kuiamini. Kwenye Kiswahili imo ndani ya silabi mbili mwishoni mwa kitenzi. Huwezi kuvutana peke yako. Mtoto wa miaka 6 aliyeanza kukiongea wiki hiyo kalipata kwa sababu lugha ilimshika mkono. Baadaye mkubwa akabisha, akasema mbona msumari ndo umekimbia na sumaku imejikokota, basi sumaku ina nguvu zaidi. Swali zuri sana, tukautoa msumari tukaweka sumaku mbili zinazofanana kila moja kwenye kifuniko chake, zikakutana katikati. Akaelewa mwenyewe kwamba tofauti ilikuwa uzito. Halafu ukiacha sumaku moja tu ielee, inajigeuza pole pole mpaka ncha moja itazame kaskazini, kwetu ni upande wa Tegeta, na ukiizungusha inarudi palepale. Jioni nzima ikaisha kwenye beseni.

Ila sikilizeni, kuhusu sumaku ndogo zile za mviringo kama punje za mahindi, zinauzwa kwenye pakti za rangi rangi, msinunue kabisa kama nyumbani kuna mtoto mdogo. Akimeza moja inaweza kupita, akimeza mbili zitavutana zikiwa ndani, na ukuta wa utumbo uko katikati unabanwa mpaka unatoboka. Hiyo ni oparesheni. Betri ndogo za duara kama kifungo ndo usiseme, ikinasa kooni inaanza kuunguza ndani ya saa mbili tu. Toi lolote ambalo mfuniko wa betri haufungwi na skrubu mimi sasa hivi siligusi, liwe zuri vipi.

Tuendelee. Kuna kile cha kuzungusha kwa uzi ambacho hata hukinunui. Kizibo cha soda kilichopondwa kikawa bapa, matundu mawili katikati, uzi unapita unafungwa, unakishika mikono miwili unakizungusha mpaka uzi ujisokote, halafu unavuta, unalegeza, unavuta, unalegeza, kinavuma vuuu. Kizibo cha bati kinakata vidole, msiwape watoto, tumieni kifungo kikubwa cha koti au duara la karatasi ngumu la boksi. Sisi tulitengeneza ya boksi, tukapaka rangi nusu njano nusu bluu, kikizunguka unaona kijivu kijivu cha kufifia, na watoto wakaanza kubishana rangi imetoka wapi.

Na hiki nina sababu ya kukipenda zaidi. Kuna mwanasayansi anaitwa Manu Prakash wa chuo kikuu cha Stanford, alikwenda Uganda akakuta kwenye kliniki ile mashine ya maabara ya kuzungusha damu imewekwa kuzuia mlango usijifunge, kwa sababu umeme hakuna. Akarudi na wenzake wakaanza kujaribu matoi yanayozunguka, moja baada ya jingine, mpaka wakafika kwenye hiki hiki cha uzi na kifungo. Mwaka 2017 wakatoa mashine ya karatasi na uzi, uzito gramu 2, gharama senti 20 za Marekani, inafika mizunguko 125,000 kwa dakika na inatenganisha damu kwa dakika moja na nusu bila umeme wowote. Nilipowahadithia watoto, mkubwa akauliza kwa nini damu itengane ikizungushwa? Nikamuuliza, jana daladala ilipokata kona pale Relini ulielekea wapi? Akasema nilimlalia yule baba. Basi vilivyo vizito kwenye damu ndo vinalaliana ukutani hivyo hivyo, vyepesi vinabaki huku. Hakuhitaji maelezo mengine. Kwa vitenzi nako ni tajiri, zunguka, zungusha, sokota, vuta, legeza, na ukishasema zunguka mara mia, neno mzunguko kwenye kitabu cha shule halikutishi tena. Ndo nilivyogundua kuwa mwanangu alikuwa anayaogopa maneno ya sayansi bure. Msuguano ni kusuguana, mvutano ni kuvutana, mgandamizo ni kugandamiza. Alikuwa anayakariri kama majina ya watu asiowajua.

Boti ya bati. Hii haikutoka Kariakoo, shemeji yangu aliileta kutoka India alikopeleka mgonjwa, anasema kule zinauzwa kwenye maonyesho na minada. Ni kiboti cha bati chenye kisahani kidogo cha bati jembamba ndani na mirija miwili inayotokea nyuma chini ya maji. Unajaza mirija maji, unawasha kimshumaa chini ya kisahani, unasubiri kama nusu dakika, inaanza tuk tuk tuk tuk na inakwenda yenyewe. Haina injini, haina betri, haina propela, hakuna kitu kinachozunguka ndani. Bibi alipoisikia akatoka jikoni, akasema huo ni mlio wa boti za asubuhi za kwetu. Siku hiyo ndo alianza kuwasimulia wajukuu habari za Tanga, wao wamekaa sakafuni kuzunguka beseni, na nikaona wanajibu kwa Kiswahili bila hata kujua wamebadilisha lugha.

Inavyofanya kazi, mshumaa unachemsha maji kidogo yaliyomo ndani, yanakuwa mvuke, mvuke unapanuka unasukuma maji nje kwa nyuma, boti inakwenda mbele. Mvuke ukifika kwenye mirija yenye baridi unapoa, unasinyaa, maji yanavutwa yanaingia tena, yanachemka tena. Mfaransa mmoja, Thomas Piot, aliisajili Uingereza 1891 na mpaka leo haijabadilika sana. Sasa mwanangu, yule wa kukariri, akauliza swali ambalo lilinifanya nisimame. Mama, maji yakitoka boti inakwenda mbele, yakiingia si ingerudi nyuma? Mbona hairudi? Sikumjibu, nikampa mshumaa mwingine nikamwambia simama mbali, mkono mmoja, uzime kwa kupuliza. Akazima. Nikauwasha, nikamwambia sasa uzime kwa kuvuta pumzi ndani. Kavuta, kavuta, moto hata hautikisiki. Ukipuliza hewa inatoka mstari mmoja, ukivuta inakuja kutoka kila upande. Maji ya boti ni hivyo hivyo. Alikaa akiuvutia ule mshumaa pumzi kama dakika tano nzima, na usiku akamwelezea baba yake kwenye simu neno kwa neno.

Udhaifu wake, bati linashika kutu usipolikausha, maungio yakivuja haitembei tena, na kuna moto, kwa hiyo mtu mzima asitoke pale hata kujibu simu. Mafuta ya kupikia na utambi ni afadhali kuliko vimshumaa vya keki, vile vinaisha kabla hata haijaanza. Kama unajua mtu anakwenda au anatoka India muagize, inafaa.

Maputo nilinunua pakti ya 2,000. Hapa niwe mkweli, jaribio lile la kusugua puto kwenye nywele halafu linate ukutani, kwa Dar limetukatalia. Tumesugua mpaka mtoto kachoka, linadondoka. Hewa yetu ina unyevu mwingi, umeme ule wa kusuguana unapotea. Rafiki yangu mwalimu wa Dodoma nilimwambia ajaribu, puto likakaa ukutani kwake mara ya kwanza tu. Kwa hiyo kama uko pwani usijilaumu, tumieni puto kwa kazi nyingine, pitisha uzi kwenye mrija wa juisi, funga uzi ukutani huku na huku, bandika puto lililojaa kwenye mrija kwa selotepu halafu achia. Linapaa mpaka mwisho wa sebule. Na okoteni mtupe vipande vya puto lililopasuka, mtoto mdogo akitia mdomoni linaziba koo.

Ni kwenye maputo bibi alipoweka sheria yake, hupewi toi mpaka uliombe sawasawa. Naomba puto langu. Kizibo changu. Uzi wangu. Msumari wangu. Gololi zangu. Ukisema puto yangu, mkono wa bibi unarudi. Hakuna aliyefundishwa ngeli kwa ubao pale, lakini wiki ya tatu yule mdogo alikuwa anaomba vitu vyote bila kukosea, na mwanangu naye nilimsikia akijirekebisha mwenyewe, maana hawa wetu wa hapa hapa nao siku hizi yangu yangu kwa kila kitu.

Yule ndege wa kioo anayeinama kunywa maji niliagiza mtandaoni 18,000. Mzuri kwa macho, kasajiliwa kwa hati ya uvumbuzi Marekani tangu 1946, lakini anategemea maji yakauke kichwani ili kipoe, na Dar maji hayakauki kirahisi, anainama mara moja anasinzia. Ukimwekea feni anachangamka. Watoto walipata hapo somo la kwa nini jasho la Dar halikauki, hilo nashukuru, ila ndani kuna kemikali na kioo ni chembamba kama ganda la yai, kikivunjika ni hatari. Kwa hela hiyo hapana. Mapovu ya sabuni buku, yatengenezeni nyumbani tu. Kioo cha kukuzia 2,500, cha plastiki kina mikwaruzo tangu dukani, kachagueni cha kioo hata kama kimezidi buku mbili, siafu mmoja akionekana vizuri atawapa nusu saa ya maongezi.

Kwa anayekwenda kununua, nendeni asubuhi kabla ya saa nne, jua halijawa kali na wamachinga wana muda wa kukufungulia vitu. Beba msumari wako mfukoni ujaribu sumaku palepale, mbili kati ya nilizoonyeshwa zilikuwa bati lililopakwa rangi tu. Gololi zigonganishe kwanza zisiwe na nyufa. Na kama una 5,000 tu, chukua gololi za buku, sumaku za 3,000, buku inayobaki nunua uzi na kifungo kikubwa. Beseni si unalo nyumbani.